Miaka Thelathini ya Nazareti

Sindano ilimchoma Borghild kidole kwa mara nyingine, akakinyonya, akaendelea kushona. Mezani mbele yake palikuwa na lundo la nguo za mtoto, fulana za sufu, soksi, sketi, nguo za kulalia, na kila moja ilitakiwa ishonewe kitambaa cheupe chenye namba kumi na saba. Hiyo ndiyo namba aliyopewa binti yake Ingjerd katika Nyumba ya Watoto ya Chama cha Misheni. Huko nguo za watoto wote hufuliwa pamoja, na namba ndiyo inayoonyesha nguo ni ya nani. Jina halikutakiwa.

"Usisahau soksi," mama mkwe wake alisema kutoka jikoni, alikokuwa akimenya viazi. "Mimi nilisahau soksi za Eilert, na baridi ya kwanza tu ikamkuta hana hata jozi moja. Nilikuja kuambiwa miaka saba baadaye."

Mzee Gudveig aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya samaki. Naye alikuwa mmisheni siku zake, Madagaska, na mwanawe Eilert alikuwa amelelewa katika Nyumba hiyo hiyo wakati wazazi wake wakihubiri ng'ambo. Watu wote wa mji waliijua habari hiyo. Eilert alipoposa, wazazi wa Borghild, wakulima wa bara, waliambiwa kwamba kijana amekulia Nyumba ya Watoto, na hiyo ikahesabiwa kuwa sifa, sawa na kuambiwa kijana hanywi pombe.

Meli ilikuwa inaondoka Alhamisi. Sheria ya Chama ilijulikana: mtoto akifika umri wa shule, habebwi tena kwenda misheni, anabaki. Ingjerd alikuwa na miaka minane. Alitakiwa apelekwe Nyumba siku moja kabla ya safari, ili wazazi wapate usiku mmoja wa kujikusanya. Hata hilo Chama kilikuwa kimelifikiria.

Ingjerd mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni akipanga vitu vyake ndani ya sanduku. Alikuwa akivitoa na kuvirudisha tangu asubuhi, bila kelele na bila maswali. Wageni waliokuja kuaga walimsifu kwa utulivu huo, na mama yake akawa anajibu kwamba ndiyo, mtoto huyu Mungu amemjalia. Moyoni utulivu wenyewe ulikuwa umeanza kumtia hofu.


Jumapili nyumba ya sala ilifurika mpaka watu wakaketi madirishani. Vita ilikuwa imekwisha na Wajerumani walioikalia nchi walikuwa wameshaondoka miaka kadhaa, lakini kahawa bado ilikuwa ya mgao, na akina mama wa umoja wa ufumaji walikuwa wamechanga kila mmoja kidogo kutoka kwenye kopo lake ili mabirika ya siku hiyo yanukie kahawa ya kweli. Sisi watu wa nyumba za sala ndivyo tulivyo. Mmisheni anayekwenda tunampenda kuliko yule anayekaa, na anayekwenda huku ameyameza machozi tunampenda zaidi.

Borghild alivaa koti la kijivu alilopewa kutoka kwenye kasha la misaada. Lilikuwa la marehemu mke wa mwenye duka la rangi. Mlangoni dada wa marehemu, Bi Petrine, alimsimamisha, akaushika mkono wa koti kwa vidole viwili, akaugeuza kutazama bitana.

"Limekukaa," akasema. "Marehemu alijaa kidogo zaidi yako, lakini limekukaa. Ila huo upindo uuangalie, binti, usiburuzike."

Waliokuwa nyuma walisubiri mpaka ukaguzi uishe. Borghild akashukuru. Tangu waliporudi likizo kutoka Madagaska alikuwa ameshukuru kwa viatu, kwa sufuria, kwa godoro, na mara moja, alipoonekana sokoni akinunua machungwa, ambayo siku hizo yalikuwa anasa, alijikuta akimweleza mwanamke asiyemjua kwamba mtoto alikuwa na kikohozi. Shukrani zilikuwa zimeanza kumchosha.

Katibu Risdal wa Chama ndiye aliyehubiri. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kidogo kumsikiliza. Yeye mwenyewe alimzika mkewe Madagaska, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba mambo ya uchungu anayasimulia kwa kusikia. Siku hiyo alizungumzia taabu za wamisheni na maisha ya Bwana. Alisema kila tunapoona mzigo umetulemea tumtazame yeye, aliyelazwa katika hori la wanyama alipozaliwa, akakimbizwa Misri kabla hajajua kutembea, ambaye watu wa mji wake walimpeleka ukingoni wamtupe, ndugu zake wakadhani amerukwa na akili, na rafiki zake wakasinzia wakati yeye akitoka jasho kama damu. Mbweha wana pango, yeye hakuwa na pa kulaza kichwa. Basi sisi wenye vitanda tunalalamikia nini?

Borghild aliyaamini hayo yote. Siku walipomzika Aksel, mtoto wao wa kiume aliyekufa kwa homa kituoni kabla hajatimiza mwaka, yalikuwa ndiyo yaliyomshika asizimie. Alikumbuka kwamba Yesu naye alisimama kaburini akalia mbele za watu, wala hakuona aibu. Neno hilo lilimtosha akaweza kurudi nyumbani, akapika, akafungua zahanati ya kituo kesho yake. Hakuwa mwanamke wa imani ya juu juu.

Kisha Katibu akamwita Ingjerd mbele. Mtoto akapanda jukwaani na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaweka mikono nyuma. Maneno alikuwa amefundishwa wiki nzima.

"Ninawapa watoto wa Madagaska mama yangu na baba yangu," alisema kwa sauti safi, "kwa sababu Yesu alinipa maisha yake."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Vitambaa vikatoka mikobani. Bi Petrine alimgusa jirani yake akamwambia amtazame mtoto, hata chozi hana, na jirani akajibu kwamba damu ni damu, ni mjukuu wa Gudveig yule. Eilert, aliyekuwa ameketi mbele, alikuwa na uso uliong'aa kwa furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona siku nyingi. Borghild aliinamisha macho akautazama upindo wa koti.


Walirudi kwa miguu kupitia gatini. Ingjerd alikuwa mbele na bibi yake. Upepo ulikuwa mkali, na Eilert alikuwa ameshika mkono wa mkewe akizungumzia jinsi mkutano ulivyokwenda vizuri.

"Eilert," Borghild akasema, "ulipokuwa pale Nyumba, ulikuwa unalia?"

"Siku za mwanzo kila mtoto analia. Baadaye unazoea."

"Unazoeaje?"

"Unazoea tu, Borghild. Nilikaa pale, nikasoma, nikacheza mpira, nikaokoka pale pale. Sikufa."

"Sijasema ulikufa. Nasema tuna miaka kumi kwenye ndoa na hujawahi kunisimulia hata siku moja ya pale. Za chuoni umenisimulia. Za jeshini umenisimulia mpaka nimezichoka."

Eilert akacheka kidogo, kisha akaacha. Alisema hakuna cha kusimulia, zilikuwa siku kama siku nyingine. Akaongeza kwamba uchungu anaousikia sasa ni wa kawaida, mama yake pia aliusikia, na neema ilimtosha.

"Mmoja tumemwacha kule ardhini," Borghild akasema. "Sasa huyu tumwache huku. Tutabaki na nani?"

"Tutabaki na Yesu," alijibu Eilert, na alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe kuwa gumu. Angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi.


Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Eilert alikwenda mjini kushughulikia mizigo, na Ingjerd akaenda kuwaaga watoto wa jirani. Gudveig alikuwa akipaa samaki kwenye karai, na Borghild akamwuliza waziwazi, kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha na aibu haina faida tena: ilikuwaje aliporudi.

Kikongwe hakuacha kupaa. Alisema walirudi kwa meli, yeye na baba yake Eilert, marehemu, pamoja na wamisheni wengine. Watoto wa Nyumba waliletwa gatini wakapangwa mstari, wamechanwa nywele, wavulana upande huu na wasichana upande ule. Yeye alikuwa na kopo la biskuti alizozioka melini kwa ruhusa ya mpishi.

"Nilimwacha ana miaka saba, sasa ana kumi na minne," akasema. "Mimi nilimjua mara moja, kwa masikio yake. Dada mlezi akamwambia, haya, Eilert, nenda kamsalimie mama yako. Akatoka kwenye mstari, mkono ameunyoosha, adabu tupu. Akaja, akanipita, akamshika mkono nesi wa kituo cha jirani, tuliyerudi naye. Akamwambia, karibu nyumbani, mama."

Borghild alisimama na sahani mkononi.

"Watu wakacheka," Gudveig akaendelea. "Hawakucheka vibaya. Nesi mwenyewe alicheka akamgeuza kwangu. Basi akaja akaniomba radhi. Aliniambia, 'samahani, bibi.' Nikampa biskuti."

"Na baadaye?"

"Baadaye hakuna. Ni mtoto mwema. Hajawahi kunijibu vibaya, hajawahi kuninyima kitu, kuni ananikatia mpaka leo. Ananiheshimu sana." Akakitupa kichwa cha samaki kwenye ndoo. "Tangu siku ile ananiheshimu sana."

Borghild alimwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Gudveig akauliza angemwambia nani. Watu walikuwa wamempigia makofi, walikuwa wamempa kiti cha mbele, wengine wamewatoa watoto wao kwa kuuona mfano wake. Angesimama katikati ya nyumba ya sala aseme nini?

"Na kama ungeanza upya, mama?"

Kikongwe akaosha kisu, akakifuta kwenye aproni, akakiweka mahali pake kabla ya kujibu.

"Ningetenda dhambi," akasema. "Ningebaki naye, halafu nikatubu."


Kesho yake Borghild alikwenda ofisini kwa Katibu Risdal bila kumwambia mumewe. Katibu alimkaribisha kiti karibu na jiko la makaa, akamwagizia chai, na alipomsikia amekuja kuomba abaki hakukasirika. Alikuwa ameshawaona wengi waliokuja hivyo siku za mwisho. Alichukua Biblia yake iliyolegea jalada, akasoma kwa upole lile neno la Bwana kwamba ampendaye mwana au binti kuliko mimi, hanistahili.

"Nalijua, Katibu," Borghild akasema. "Jumapili ulituambia tukilemewa tumtazame yeye, tuone aliishije. Nimemtazama. Nimekuwa nikimtazama usiku kucha. Naomba nikuulize jambo dogo tu."

"Uliza, mwanangu."

"Alipokuwa na miaka minane, alikuwa wapi?"

Katibu alifikiri kidogo. "Nazareti."

"Kwa nani?"

Borghild akajibu mwenyewe.

"Kwa mama yake. Na kumi na minane, na ishirini na minane, kwa mama yake. Dunia nzima ilikuwa inapotea, Katibu, wagonjwa wapo, wakoma wapo, na Mwana wa Mungu yuko Nazareti anapiga randa, jioni anakula kwao. Miaka thelathini. Amekwenda kuhubiri miaka mitatu. Sisi tunahubiri ile mitatu kila Jumapili. Ile thelathini nani ameihubiri?"

"Hatuna habari nyingi za miaka ile," Katibu akasema.

"Tunayo moja. Alipotea Yerusalemu akiwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wamekwenda mwendo wa siku nzima, wanagundua mtoto hayupo. Wakasemaje? Walisema yuko hekaluni, Mungu atamtunza? Kama kuna mahali Mungu angemtunza mtoto, si pale? Walirudi. Waliacha msafara, wakarudi kumtafuta."

Katibu alifunga Biblia, akaiweka gotini. Alizeeka kidogo pale kwenye kiti. Alimkumbusha kwamba hata hivyo Mariamu alimtoa mwanawe mwishoni, kwamba upanga ulimpita moyoni.

"Ulimpita, lakini alikuwepo," Borghild akasema. "Alisimama pale pale chini, mwanawe akawa anamwona. Na mwanawe, na maumivu yote yale, akamtafutia mama yake pa kukaa. Hivyo ndivyo nilivyomwona, Katibu. Kama nimeona vibaya, nionyeshe."

Yule mzee hakuwa mtu mbaya, na hadithi hii haitaki kumfanya mbaya. Alikuwa na binti zake wawili waliolelewa Nyumba, watu wazima sasa, mmoja Bergen na mmoja Amerika, ambao humwandikia Krismasi. Huenda aliwawaza hao, huenda hakuwawaza. Aliposema, alisema kama katibu.

"Mke mmoja akibaki, mwaka kesho watabaki kumi. Vituo vitafungwa. Siwezi kukupa ruhusa, Bi Borghild. Ukibaki, unabaki nje ya Chama. Hatutakuwa na neno la kuwaambia wale waliokwisha kuwaacha watoto wao."

"Najua," alisema Borghild, na hilo la mwisho ndilo aliloliona la kweli kuliko yote aliyoyasikia mle ndani. Akashukuru kwa chai, kwa mazoea.


Eilert alikuwa bandani akipasua kuni za mama yake, za kumtosha mpaka baada ya baridi. Borghild alimwambia akiwa amesimama mlangoni. Hakumzungusha: yeye haendi, Ingjerd haendi Nyumba, na kama mumewe anampenda abaki nao.

Eilert aliliacha shoka kwenye gogo. Kwanza alijaribu kumtuliza, kisha akajaribu kuomba naye, na sala ikamkatikia njiani. Akauliza nani amemjaza maneno. Borghild alisema ameambiwa habari ya gatini na nesi.

Eilert alikaa juu ya lundo la kuni, mzima na urefu wake wote.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Zilikuwa zimepita siku nyingi. Angeweza kukosea mtu yeyote."

"Sikulaumu, mume wangu. Nasema baki. Hata Bwana alikaa kwao."

"Usinitajie hilo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukisema kweli, mimi nifanyeje?" Alikuwa anamtazama sasa kwa macho ya mtu anayezama. "Miaka saba, Borghild. Nilikuwa naambiwa kila usiku kwamba ni kwa ajili ya Yesu. Nikibaki leo kwa sababu ya mtoto mmoja, ile miaka yangu ilikuwa ya nini? Baba yangu amekufa akiamini. Mama yangu yuko mle ndani. Nikamwambie nini?"

Borghild alitaka kumwambia kwamba mama yake yuko tayari kuambiwa, kwamba amengoja kuambiwa tangu siku ile ya biskuti. Lakini Eilert alikuwa ameshainuka, ameshika shoka, na kuni zikaanza kupasuka tena, moja baada ya nyingine. Borghild akarudi ndani.


Alhamisi Eilert alipanda peke yake meli ya kwenda Uingereza, hatua ya kwanza ya safari ya Madagaska. Nyumba ya sala ilikuwa imekuja na bendera ndogo, na wimbo ukaimbwa, ila ulikuwa wimbo mfupi. Alimkumbatia mkewe kwa nguvu, akambusu bintiye kwenye paji la uso, akamnyooshea mama yake mkono. Gudveig aliushika mkono huo kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka filimbi ilipopigwa mara ya pili. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini kama alisema kitu, upepo ulikichukua.

Meli ilipojitenga na gati, watu walianza kutawanyika bila kumwangalia Borghild. Wachache waliinamisha vichwa kama watu wa msibani wasiojua marehemu ni nani. Ni Bi Petrine tu aliyekuja mpaka alipokuwa.

"Sina ubaya na wewe," akasema, na sauti yake kweli haikuwa na ubaya. "Ila lile koti lilitolewa kwa ajili ya misheni. Dada yangu alisema hivyo kitandani mwake."

Borghild alifungua vifungo palepale. Alilikunja koti vizuri, bitana nje, akamkabidhi. Walitembea kurudi nyumbani yeye akiwa na sweta tu, na Gudveig, ambaye hakuwa mtu wa kugusagusa watu, alivua nusu ya shali yake akamtupia begani.

Kwa hiyo hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Borghild alikuwa ameshaulizia kazi kwenye kiwanda cha dagaa wa kopo, wakamwambia aje Jumatatu. Hakuwa na mume karibu wala Chama, na Jumapili hatajua aketi kiti gani. Lakini mtoto alikuwa naye, na njia nzima aliushika mkono wake akajiambia kwamba kwa huo peke yake yote yanastahimilika. Aliona kama amerudi Yerusalemu na kumkuta.

Jikoni Gudveig aliwasha moto. Ingjerd hakuvua koti lake. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, magoti pamoja, sanduku miguuni.

"Nitapelekwa saa ngapi?" akauliza.

Borghild akapiga magoti mbele yake. Akamwambia tena, kwa mara nyingine tangu jana, kwamba hapelekwi. Atalala hapa, atakwenda shule ya hapa, na mama hatakwenda popote.

"Lakini nilisema mbele ya watu wote. Nilisema wawili. Baba amekwenda mmoja." Alikunja uso akifikiri. "Wale watoto ambao wangesikia habari za Yesu kwako, sasa watakwenda motoni?"

"Hapana. Hapana, mwanangu. Hao ni watoto wa Mungu, si mzigo wako. Yesu mwenyewe alikaa na mama yake mpaka akawa mtu mzima. Hakuna aliyemwambia awape watu mama yake."

Ingjerd alilisikiliza hilo kwa makini, kama alivyofundishwa kuwasikiliza wakubwa. Kisha akatikisa kichwa.

"Nipeleke tu, mama. Nitaweza. Nimeshafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya kutokuona. Wale watoto wakubwa wa Nyumba walinifundisha, siku ile tulipokwenda kuangalia kitanda. Unafumba macho, unautoa uso wa mama yako kidogo kidogo. Kwanza nywele, halafu mdomo. Macho ndiyo yanakuwa ya mwisho. Ukiweza kuyatoa, haiumi tena." Alisema bila kujisifu. "Mimi nimechukua siku nyingi, lakini juzi niliweza. Yote."

Gudveig, kule penye moto, alikuwa ameshika ukuni hewani na hakuwa ameutia ndani. Borghild aliushika uso wa mtoto kwa mikono yake miwili, mikono iliyokuwa bado na baridi ya gatini.

"Basi nitazame," akasema. "Nitazame sasa, mwanangu. Niko hapa."

Ingjerd alimtazama. Alimtazama vizuri, bila kupepesa, kwa adabu ile ile iliyowaliza watu wa nyumba ya sala.

"Ninakuona, mama," akasema.

Borghild alingoja, lakini hakukuwa na zaidi. Akavuta kiti, akakaa mbele yake.